Chokaa ya Miaka Kumi na Tisa

Usiku ule nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, simu mapajani, nikisubiri binti yangu aniambie kama ukuta umesimama.

Alikuwa ameniahidi. "Kesho tunatoa nguzo, mama. Jua likizama tu nakupigia." Alikuwa upande wa pili wa kisiwa, katika kijiji cha kale, kwenye lile jumba ambalo wageni hupelekwa kulipiga picha kwa nje. Alikuwa huko na shangazi yake. Kwa miezi minne walikuwa wakiutengeneza ukuta wa mbele wa jumba hilo, na kwa miezi minne ukuta ulikuwa umeegemezwa nguzo sita za mbao usije ukamwangukia mtu. Sasa nguzo zilikuwa zinatolewa. Jua lilizama, na badala ya simu ikaja mvua. Mvua ikaondoka na umeme, kisha ikaondoka na mtandao.

Sikuwa na la kufanya. Nilihesabu matone yaliyokuwa yakidondoka kwenye ndoo pale paa letu linapovuja, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Kila ngurumo niliyoisikia niliifanya kuwa ukuta. Mume wangu alikuwa kitandani, mgongo kwangu, amejifunika hadi masikioni. Lakini mimi nimelala na mtu yule miaka ishirini na miwili. Akilala kweli hukoroma hadi vikombe kabatini vinagongana. Usiku ule vikombe vilitulia. Alikuwa macho kama mimi, ila hakutaka kuonekana anasubiri, kwa sababu ukuta ule ni yeye aliyeuumiza.

Hili siwezi kulieleza bila kumweleza wifi yangu, dada yake mkubwa, ambaye kisiwa kizima kinamwita Bi Chokaa.

Baba yao alikuwa mchoma chokaa. Nyuma ya nyumba alikuwa na tanuri, akikusanya mawe ya matumbawe yaliyokufa ufukweni, akiyachoma siku mbili usiku na mchana, kisha akiyamwagia maji yanachemka yenyewe bila moto na kuvunjika kuwa unga mweupe. Mwanawe wa kiume, huyu mume wangu, alimfundisha kushika mwiko. Binti alimwambia achote maji. Binti akachota maji, na akachota kila kitu kingine kwa macho. Mzee alipoharibika macho, maana chokaa haina huruma na macho, ndipo alipogundua kwamba mchota maji anajua jiwe lipi limeiva na lipi bado mbichi, na anajua kwa kuweka punje kwenye ncha ya ulimi.

Aliolewa mara moja, na muuza vitambaa. Ndoa ilimaliza misimu miwili ya mvua. Mwanamume alilalamika kwamba shuka zinalala nyeusi na kuamka nyeupe. Wifi akarudi kwao na karai lake kichwani, na ukimuuliza hadi leo atakwambia bila haya kwamba aliachwa kwa ajili ya vumbi.

Siku moja alikwenda kuandikisha kitambulisho. Karani akamshika kidole, akakibonyeza kwenye kile kioo chao, mashine ikakataa. Akajaribu vyote kumi. Mashine ikagoma. Chokaa ilikuwa imemla ngozi ya vidole hadi vikawa laini kama kijiko. Karani akamwambia, "Mama, wewe huna alama." Naye akamjibu, "Alama zangu ziko kwenye kuta. Chukua mashine yako ukazipige huko." Alipewa kitambulisho baada ya miezi saba, na barua inayosema ana vidole.

Mimi sikumpenda haraka. Siku nilipojifungua binti yangu wa kwanza alikuja hospitali, akasimama mlangoni na vumbi lake, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akageuka akaondoka. Hakumbeba. Hakuleta hata kitambaa. Niliumia, na nilisema maneno ambayo leo nayaonea haya. Baadaye ndipo nilipojua alikokwenda. Alikwenda kuwasha tanuri. Chokaa iliyotoka katika moto ule aliitia katika shimo nyuma ya nyumba yake, akaifunika kwa maji, na juu ya maji akaweka mbao na mchanga. Akasema hiyo ni ya mtoto. Tangu siku hiyo hakuiacha ikauke. Kiangazi kikibana watu wanapopanga foleni bombani kwa ndoo mbili, moja ya ndoo za wifi ilikwenda shimoni. Nilimwambia dada yangu kwenye simu kwamba mashangazi wa watoto wengine huleta shali, wa kwangu kaleta shimo.

Mtoto akakua. Akajua kutembea, akajua njia ya kwa shangazi. Huko alipewa kazi ya kuchekecha mchanga, na kwa kuwa alikuwa na maswali yasiyoisha, kila jambo analichuja mara mbili, shangazi akamwita Chekeche. Jina likamganda.

Alipokuwa na miaka saba ndipo ugomvi ulipotokea. Ofisi ya mambo ya kale iliona ufa juu ya mlango wa lile jumba, ikamwita mume wangu. Na nisimwonee, mume wangu ni fundi. Nusu ya maduka ya mtaani kwetu kayasimamisha yeye, na hakuna lililopinda. Alikwenda na saruji, akaziba ufa, akapiga lipu ukuta wote wa mbele kwa wiki moja. Ukang'aa. Walimpiga picha amesimama mbele yake na mwiko. Wifi akaja kutazama, akaweka kiganja chake ukutani, akakaa nacho hapo, kisha akasema, "Umeuziba pumzi."

Mume wangu akacheka mbele ya vibarua wake. "Dada, ukuta una pua?"

Vibarua walicheka siku nzima. Wifi akampa kisogo, na tangu siku hiyo hajakanyaga nyumba yangu. Miaka kumi na miwili. Chekeche alikuwa akienda na kurudi kati yao kama barua.

Mvua ya mwaka wa kwanza iliingia ukutani kama ilivyozoea kuingia, lakini haikupata pa kutokea. Saruji haitoi jasho. Ndani kwa ndani chokaa ya zamani ikageuka unga, na boriti iliyobeba ukuta juu ya mlango ikaoza taratibu, huku nje kukiwa kunapendeza. Mwaka wa tatu ukuta ulishuka, ukaukalia mlango. Mume wangu alikwenda, akasukuma kwa bega, mlango haukusogea hata upana wa ukucha. Alichomoa ufunguo, akarudi nao nyumbani. Hakuna aliyemdai, maana mlango usiofunguka hauhitaji ufunguo. Aliutia katika kopo tupu la rangi juu ya kabati, na kila mwaka kabla ya mvua huuteremsha, akaupaka mafuta, akaurudisha. Mimi huona na kunyamaza.

Mwaka huu mkaguzi alikuja na faili, akapima, akaandika kwamba jumba ni hatari kwa wageni, libomolewe. Wifi akaenda ofisini kwake akakaa kwenye benchi siku tatu hadi wakamsikiliza. Wakakubaliana hivi: akiweza kuufanya ukuta usimame wenyewe, na mlango ukafunguka, jumba litabaki, maana mlango ukifunguka ni ushahidi kwamba ukuta haujaukalia tena. Wakampa miezi minne, hadi mwisho wa mwezi huu. Chekeche wangu, aliyemaliza shule na ambaye nilikuwa nimemtafutia nafasi kwa mshonaji, akafunga begi bila kuniuliza. Nililia. Nilitaka ajifunze kazi ya kukaa, kazi ambayo haiwezi kumwangukia kichwani.

Kulipokucha, siku ya mwisho ya mwezi ilikuwa imeingia, mvua imekatika, na simu bado kimya. Mume wangu aliamka, hakunisalimu, akapanda kwenye stuli, akateremsha kopo. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha kanga yangu ya zamani. Akaniwekea mkononi. Ni ufunguo wa chuma, mrefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko.

"Mpelekee dada."

Nilimwambia aende mwenyewe. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo hakuwa na safari navyo.

"Na nikikuta umeanguka?" akasema. "Na mtoto yupo chini yake?"

Niliwaachia wadogo zake Chekeche uji kwenye sufuria, nikatoka.

Barabara ilikuwa imekatwa na maji pale bondeni, na magari ya kawaida yalikuwa yamerudi. Lililokuwa linaweza kupita ni moja tu, lile gari refu la wageni, lenye magurudumu yanayonifika kifuani. Dereva wake ndiye pia mweleza habari, mtu mzima mwenye tumbo, aliyewahi kufundisha shule ya msingi, na kwa jinsi anavyoyajua ya kale tunamwita Kitabu. Nilimweleza shida yangu. Akasema kiti kipo kimoja, na nisitoe chochote, ila atasimama kila mahali.

"Hawa wamelipia kuona, mama Chekeche. Hawakulipia kupita."

Walikuwa manesi wastaafu kumi kutoka bara, waliojikusanya kutembea baada ya kufanya kazi maisha yao yote. Walikuwa na kofia pana na kelele. Nikakaa nyuma kabisa, ufunguo mapajani, roho juu.

Kituo cha kwanza kilikuwa ngome. Ngome iko njia ya sokoni. Nimepita chini yake na kapu miaka ishirini na miwili, nikiijua kwa kivuli chake tu, kwamba saa nne huwa upande huu na saa tisa upande ule. Ndani sikuwahi kuingia. Nilidhani ni mambo ya wageni. Nilitaka kubaki garini, lakini Kitabu anafunga gari kila anaposhuka, na hataki mtu ndani.

Basi niliingia. Ukuta ule, kwanza, una unene gani. Kitabu alimwambia nesi mmoja alale kwenye dirisha, akalala chali, kichwa upande wa ndani, na miguu yake haikufika nje. Wenzake wakamtania kwamba amepata wodi ya peke yake. Kisha Kitabu akatupeleka kwenye kona yenye giza, akawasha tochi, akailaza ubavu kwenye lipu. Zikajitokeza alama za vidole. Vinne vinne, vimeburuzwa kushuka chini, ukuta mzima, toka sakafuni hadi pale mtu anapoweza kufika. Akasema enzi hizo lipu ya mwisho ilisawazishwa kwa mkono mtupu, na kwamba hawa waliofanya hivi hatujui hata mmoja aliitwaje.

Nikaweka vidole vyangu ndani ya vile. Vilikuwa vidogo kuliko vyangu. Vidole vya mwanamke, au msichana. Kulikuwa na mahali kidole kimoja kilisita, kikarudi, kikaziba kijitundu. Mtu huyo alikuwa na siku yake, na njaa yake, labda na mtoto nyumbani, akaona kitundu akarudi kukiziba. Mvua zote zilizonyesha tangu hapo hazikukifuta. Nikamkumbuka wifi na ile mashine iliyosema hana alama.

Kituo cha pili kilikuwa kisima. Hapo nilikataa waziwazi, nikasimama kando ya gari na kushika tama. Nesi mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba alirudi akanishika mkono, akanivuta bila kuniuliza, kwa ule mkono wa watu waliozoea kuwavuta watu kutoka vitandani. Tukashuka ngazi za mawe zilizoingia ardhini. Nilihesabu arobaini na moja. Kadiri tulivyoshuka baridi ilipanda miguuni, na manesi waliokuwa wakipiga kelele kila mahali wakawa wanapunguza, wakapunguza, hadi tulipofika chini hakuna aliyesema. Juu yetu dari ya mviringo, nyeupe, bila boriti hata moja, imejishika yenyewe. Chini yetu maji meusi yasiyotikisika. Bahari ilikuwa karibu kiasi kwamba tuliisikia ikipiga upande wa pili wa mwamba, lakini Kitabu alichota kwa kata akatupa tuonje, na maji yalikuwa matamu.

Tone lilidondoka. Tukalisikia likizunguka dari yote kabla halijaisha.

Sijui nilisimama pale muda gani. Ninachojua ni kwamba nilimsahau mwanangu. Kwa mara ya kwanza tangu jana yake nilikuwa sifikirii ukuta wala simu, nilikuwa mtu tu aliyesimama chini ya kitu kikubwa. Nilipokumbuka, nilishtuka kama niliyemwacha mtoto sokoni. Nikapanda zile ngazi mbiombio.

Garini tulipofika mwinuko, mtandao ukarudi. Simu za manesi zikaanza kulia zote kwa pamoja, ujumbe juu ya ujumbe, kila mmoja akasoma ya wajukuu wake. Yangu ilitetemeka mara moja. Ilikuwa kampuni ya simu inanikumbusha kununua muda wa maongezi. Nikampigia Chekeche. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani.

Nesi mrefu alikuwa ananitazama. Akasema uso kama huo ameuona koridoni miaka thelathini na minne, akaniuliza mgonjwa ni nani. Nikamwambia ni ukuta. Akasubiri. Nikamweleza yote, mume, wifi, saruji, nguzo sita, mpaka ufunguo nikamwonyesha. Akaupokea, akaupima uzito, akanirudishia. Kisha akaenda mbele kwa kujishikilia viti.

"Kitabu, zilizobaki ni kurasa ngapi?"

Kitabu akamjibu kuna gati la zamani, kuna nyumba ya forodha, kisha kijiji.

"Ruka," akasema nesi. "Tutazisoma tukirudi."

Kuna mmoja alinung'unika kwamba yeye forodha ndiyo aliyoijia. Nesi mrefu akamwambia forodha imengoja miaka mia tatu, haitakufa leo alasiri. Wakacheka, na gari likaenda moja kwa moja.

Gari haliingii kijijini. Tulishuka tukatembea. Kijiji kile watu bado wanaishi kama walivyoishi waliokijenga, mapaa ya makuti, kuta za udongo na mawe, vichochoro vyembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Niligusa. Mlangoni alikaa mwanamke anasokota kamba kwenye paja lake, na jiwe la kizingiti alilokalia lilikuwa limechimbika katikati kama bakuli, kwa makalio ya mama zake na bibi zake. Akatukaribisha. Kichochoro kilipinda, kikapinda tena, na kila kona upepo wa bahari ulitukuta, hata nikaelewa kwamba vichochoro havikupinda kwa bahati mbaya, vilipindishwa ili vinywe upepo. Mtu alikaa akafikiri hilo. Nilitamani nisimame nimshangae mtu huyo vizuri, lakini miguu yangu haikuwa na subira.

Ndipo niliposikia mawe yakiporomoka.

Si ngurumo, siku ilikuwa na jua. Ilikuwa sauti nzito, ya mawe mengi kwa pamoja, na baada yake vumbi likapanda juu ya mapaa upande wa jumba. Nikaachia kandambili zangu pale pale. Nilikimbia kichochoro chote nikiwa nimeukumbatia ule ufunguo kama mtoto, nyuma yangu nasikia viatu vya manesi, kumi wanakimbia, bila kelele.

Nikatokea uwanjani. Mkokoteni ulikuwa umepinduliwa, na watu wawili walikuwa wanamwaga mabonge ya saruji ya mume wangu shimoni, yaliyobanduliwa ukutani.

Ukuta ulikuwa wima.

Chekeche alitoka nyuma ya turubai, mweupe kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, macho tu ndiyo meusi. Nilimshika mabega, nikamshika mikono, nikamgeuza nikamtazama mgongo. Akaniambia simu ililowa. Akaniambia usiku kucha yeye na shangazi walilishikilia turubai kwa mikono na kwa mawe, upepo ukilinyanyua wanalirudisha, na kwamba pale juu ya mlango liliwaponyoka, mvua ikaipiga chokaa mbichi moja kwa moja. Walifikiri wamekwisha. Lakini chokaa haikushuka.

"Ni ile ya shimoni, mama. Ya kwangu. Ilishika tu. Nyingine ingetiririka kama maziwa."

Wifi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya mlango. Hakunyanyuka. Alikuwa amechakaa kwa uchovu, kope zimeganda weupe.

"Wifi," akasema, "miaka yote hiyo, leo ndiyo umekuja kutazama magofu. Au umenijia mimi? Maana mimi nayo hatupishani sana."

Nguzo tano zilikuwa zimelazwa chini. Moja ilikuwa bado imesimama, ya katikati. Kando yake alikuwa mkaguzi na faili lake na pimamaji, ametazama saa mara mbili tangu nifike. Alisema kwa adabu kwamba ukuta anauona, ila makubaliano ni nguzo zote na mlango. Wifi alimjibu kwamba anapumzisha miguu. Lakini mimi ni mtu wa kutazama, na niliona mikono yake. Alikuwa ameificha katikati ya magoti, ameibana. Ile nguzo moja ndiyo aliyokuwa anaiogopa. Na nikaelewa jambo jingine: hakuwa na ufunguo. Alitengeneza ukuta miezi minne, akijua ufunguo uko juu ya kabati langu, na hakutuma mtu aje auombe.

Nikachuchumaa mbele yake, nikauweka mapajani pake pamoja na kitambaa.

Akafungua tambara. Akautazama. Akaunusa.

"Umepakwa mafuta."

"Kila mwaka," nikasema.

Aliugeuza upande huu na upande ule kwa vile vidole vyake visivyo na alama, akaupapasa kila jino. Kisha akaita, bila kuondoa macho kwenye ufunguo.

"Chekeche. Toa nguzo."

Nilitaka kusema asiitoe yeye. Nilifungua kinywa. Nesi mrefu alikuwa amesimama nyuma yangu, na nikasikia mkono wake mgongoni, nikafumba. Mwanangu alichukua nyundo ya mbao, akajiweka kando kama alivyofundishwa, si mbele, akagonga kabari mara tatu. Nguzo ikasogea. Akaikumbatia, akaivuta, akailaza chini taratibu kama anamlaza mgonjwa.

Punje za mchanga zilianguka kutoka juu, kidogo, zikakoma.

Tulisubiri. Mkaguzi aliegemeza pimamaji ukutani na kukitazama kile kitone cha hewa hadi nikadhani amelala. Ukuta ulisimama wenyewe, mweupe, unyevunyevu, mpana kuliko nyumba zetu zote, na kwenye lipu yake, jua lilipoupiga kwa ubavu, niliona mistari. Vinne vinne, kushuka chini. Walikuwa wameimalizia kwa mikono mitupu. Kulikuwa na mistari mipana ya shangazi, na pembeni yake mistari myembamba ya mwanangu, hadi juu kabisa ambako alifika kwa ngazi. Niliweka kiganja changu hapo. Palikuwa baridi, na ubaridi ule ulikuwa unatoka, unanijia mkononi, kama mtu akikupumulia kwa karibu. Nilisimama hivyo sijui kwa muda gani. Nilifikiria mwanamke wa miaka mia tatu ijayo ameletwa na gari refu, mwenye haraka zake, ambaye ataweka vidole vyake ndani ya vile vya mtoto wangu na kuambiwa hatujui aliitwaje.

Simu yangu ililia. Alikuwa mume wangu. Hakusema haloo. Nilimsikia tu anahema. Nikamwambia mtoto mzima. Nikamwambia umesimama. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, dada anasemaje.

Nikampelekea wifi simu sikioni. Aliinamia, kama mtu anayetazama ndani ya tanuri.

"Pua imezibuka," akamwambia.

Upande wa pili nikasikia kitu ambacho kwanza nilidhani ni kikohozi, kikaendelea, na hakikuwa kikohozi. Wifi aliitazama simu, akanirudishia na ufunguo pamoja.

"Fungua wewe, wifi. Umeolewa na aliyeufunga. Na simu usiikate, asikie."

Niliutia ufunguo. Uliingia bila kukwaruza. Niliuzungusha, na ndani ya mbao kitu kizito kikaondoka mahali pake. Niliweka bega kama nilivyojua mume wangu alivyoweka bega mwaka ule, nikajiandaa kusukuma kwa nguvu zangu zote.

Haikuhitajika. Mlango ulifuata mkono tu. Bawaba zililia kwa sauti ndefu, nikaisogeza simu karibu nazo, na mlango ukaenda, ukaenda, hadi ukagusa ukuta wa ndani, na hewa ya miaka tisa ikatoka ikatupita sote usoni, ya baridi, ikielekea baharini.